Matatizo ya Tendo la Ndoa Yana Tiba: Safari Ianzie Kituo cha Afya, Si Kando ya Barabara

Mwananchi anayeugua malaria haoni haya kupanga foleni katika zahanati ya kijiji chake. Mwananchi huyo huyo, anapopatwa na tatizo linalohusu tendo la ndoa, huweza kukaa nalo miezi na hata miaka bila kumweleza mtu. Wengi hujaribu kwanza ushauri wa vijiweni, kisha supu ya pweza, kisha mkuyati au unga maarufu kwa jina la vumbi la Kongo. Hospitali huwa ya mwisho kukumbukwa, wakati ilipaswa kuwa ya kwanza.

Ukimya huo una gharama. Ndoa huingia doa, mwenza mmoja humshuku mwingine kuwa na mahusiano ya nje, na mgonjwa mwenyewe huanza kukwepa nyumba yake. Lakini gharama kubwa zaidi ni ya kitabibu, kwa sababu mara nyingi tatizo hilo huwa ni dalili ya ugonjwa mwingine mkubwa unaoendelea kimyakimya ndani ya mwili.

Tatizo ni nini na linawapata akina nani

Upungufu wa nguvu za kiume ni hali ya uume kushindwa kusimama, au kusimama bila kudumu kwa kiwango kinachotosheleza tendo la ndoa, na hali hiyo ikawa inajirudia. Mwanamume aliyeshindwa siku moja kwa sababu ya uchovu, pombe au hofu hana ugonjwa. Hali hiyo inapoendelea kwa wiki kadhaa mfululizo, hapo panahitajika uchunguzi.

Tatizo hili si la watu wachache. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994, uliwahusisha wanaume wapatao 1,300 wenye umri wa miaka 40 hadi 70. Asilimia 52 kati yao walikuwa na upungufu wa kiwango fulani, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Uwezekano wa kulipata huongezeka kadiri umri unavyosogea, ingawa vijana nao hulipata, hasa kutokana na hofu, msongo wa mawazo, uvutaji wa sigara na ulevi.

Kwa nini moyo unahusika

Uume husimama kwa nguvu ya damu. Mtu anapopata ashiki, mishipa ya fahamu hutoa taarifa inayoifanya mishipa ya damu ya uume kutanuka, damu ikaingia kwa wingi na kuzuiwa isitoke haraka. Chochote kinachoharibu mishipa ya damu au mishipa ya fahamu huvuruga kazi hiyo. Kisukari huharibu yote mawili. Shinikizo la juu la damu, lehemu nyingi katika damu, unene uliopitiliza na tumbaku huifanya mishipa iwe migumu na myembamba.

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile inayoulisha moyo. Kwa hiyo, uharibifu unaoenea mwili mzima huweza kujitokeza kwanza chumbani, miaka kadhaa kabla ya kujitokeza kifuani. Mwanamume mwenye umri wa miaka 45 anayenunua dawa ya kuongeza nguvu kwa siri huenda anaficha tangazo la mapema la kisukari au ugonjwa wa moyo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika suala hili kauli yao ina ushahidi wa kitabibu.

Sababu nyingine ni upungufu wa homoni ya kiume, majeraha ya uti wa mgongo, upasuaji wa tezi dume, sonona, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za magonjwa ya akili. Mgonjwa anayehisi kuwa dawa anazotumia zimemletea tatizo hapaswi kuziacha mwenyewe. Anatakiwa kumweleza daktari, ambaye anaweza kumbadilishia.

Kinachofanyika katika chumba cha daktari

Hofu ya wengi ni kutojua watakachoulizwa. Mtaalamu huanza kwa mazungumzo: tatizo lilianza lini, lilianza ghafla au polepole, linatokea kila mara au nyakati fulani, na kama uume husimama wenyewe alfajiri. Swali hilo la mwisho lina maana. Uume unaosimama alfajiri lakini ukashindwa wakati wa tendo huashiria kuwa chanzo kinaweza kuwa cha kisaikolojia kuliko cha mishipa. Mgonjwa ataulizwa pia kuhusu pombe, sigara, dawa anazotumia na hali ya uhusiano wake na mwenza.

Baada ya hapo hupimwa shinikizo la damu, uzito na sukari, na inapohitajika, lehemu. Kipimo cha homoni ya kiume huchukuliwa asubuhi, kwa kuwa wakati huo ndipo kiwango chake huwa juu. Sehemu kubwa ya uchunguzi huo haihitaji mashine kubwa, na vipimo vya msingi kama shinikizo la damu na sukari hupatikana hata katika vituo vya ngazi ya chini.

Tiba hufuata chanzo. Mgonjwa wa kisukari husaidiwa kwanza kudhibiti sukari. Mvutaji wa sigara hushauriwa kuacha, na mwenye uzito mkubwa kuupunguza kwa mazoezi na lishe. Zipo pia dawa za vidonge kama sildenafil, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1998, na tadalafil, ambayo nguvu yake huweza kudumu hadi saa 36. Dawa hizo husaidia damu kuingia katika uume pale ashiki inapokuwepo. Hazileti ashiki yenyewe, wala haziponyi kisukari au shinikizo la damu. Vidonge visiposaidia, madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wana njia nyingine, zikiwemo sindano, pampu maalumu na upasuaji wa kuweka vipandikizi.

Tiba ya mazungumzo

Si kila tatizo hutibiwa kwa kidonge. Hofu ya kushindwa huzaa kushindwa, na kushindwa huongeza hofu. Mnasihi au mtaalamu wa saikolojia humsaidia mgonjwa kuukata mzunguko huo. Njia mojawapo huwataka wenza wawili kuahirisha tendo lenyewe kwa muda na kurudi katika kugusana na kuzungumza bila shinikizo, kisha kusonga mbele hatua kwa hatua. Ndiyo maana wataalamu hupendelea wenza wote wawili wafike pamoja, endapo wameridhia.

Wanawake wasisahaulike

Mazungumzo mengi ya hadharani huhusu wanaume, ilhali wanawake nao hupata matatizo na mara nyingi huambiwa wavumilie. Maumivu wakati wa tendo la ndoa si sehemu ya wajibu wa mke. Huweza kusababishwa na maambukizi ya via vya uzazi, ukavu wa uke baada ya ukomo wa hedhi au wakati wa kunyonyesha, makovu ya uzazi au ya ukeketaji, ukuaji wa tando za mji wa mimba nje ya mahali pake, au misuli ya uke kujikaza yenyewe bila hiari. Kukosa hamu nako huweza kutokana na sonona, uchovu, mabadiliko ya homoni, dawa, au ukatili ndani ya nyumba.

Kila chanzo kina njia yake ya kutibiwa: dawa za maambukizi, vilainishi, homoni, mazoezi ya misuli ya nyonga, unasihi au upasuaji. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa anapaswa kumwona mtaalamu mapema, kwa kuwa hiyo ni miongoni mwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi.

Hatari ya dawa za mitaani

Mamlaka za udhibiti wa dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kubaini bidhaa zinazouzwa kama dawa za asili za nguvu za kiume zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil au dawa za jamii yake. Mtumiaji hudhani anakunywa mizizi, kumbe anakunywa dawa ya hospitali asiyojua kipimo chake.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za maumivu ya kifua zenye naitreti. Dawa hizo zikikutana na sildenafil, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla na kusababisha kifo. Aidha, uume ukisimama kwa zaidi ya saa nne bila kulegea, hiyo ni dharura: mgonjwa awahishwe hospitali, kwa kuwa kuchelewa huweza kuuharibu moja kwa moja.

Hapa nchini, usajili wa dawa unasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na huduma za tiba asili zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Mwananchi anayechagua tiba asili ana haki ya kumuuliza mganga kama amesajiliwa na kama dawa yake imesajiliwa. Anayepata madhara baada ya kutumia dawa yoyote anatakiwa kutoa taarifa katika kituo cha afya, ambako yapo madhara yanayojazwa katika fomu ya njano na kupelekwa TMDA.

Wapi pa kuanzia

Mgonjwa halazimiki kusafiri hadi Muhimbili kuanza matibabu. Anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akapimwa, na ikibidi akapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa, au hospitali ya rufaa ya kanda zilizo na madaktari bingwa, kama vile Bugando jijini Mwanza, KCMC mkoani Kilimanjaro na hospitali ya kanda ya Mbeya.

Akifika mapokezi, halazimiki kueleza shida yake mbele ya watu. Inatosha kusema anahitaji kumwona daktari kwa jambo la faragha. Anaweza kuomba kuhudumiwa na mtaalamu wa jinsi yake. Anachokisema ndani ya chumba cha daktari ni siri ya kitaaluma, na mtoa huduma hana ruhusa ya kumweleza mwajiri, ndugu wala mwenza bila ridhaa yake.

Kabla ya kwenda, ni vyema aandike majina ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili, na tarehe tatizo lilipoanza. Karatasi hiyo ndogo humpunguzia daktari kazi ya kukisia, na huenda ikamwepusha mgonjwa na mchanganyiko wa dawa unaoweza kumgharimu maisha.