Pakistan: Barabara ya lami yafupisha safari ya Hinglaj, pango takatifu la Wahindu jangwani

Kila mwaka, mwezi wa ine, maelfu ya Wahindu wanatoka Karachi na jimbo la Sindh kuelekea magaribi, mpaka kwenye pango moja dogo katika milima mikavu ya Balochistan. Hapo ni Hinglaj, mahali pakubwa pa ibada kwa Wahindu wa Pakistan, inchi ambamo wakaaji karibu wote ni Waislamu.

Kutoka Karachi ni kilometa karibu 250. Leo mabisi yanafuata barabara ya lami ya pwani ya Makran, safari ya masaa tu. Mbele barabara hiyo haijajengwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walitembea siku nyingi kwa miguu ao juu ya ngamia, ndani ya mchanga na jua kali, wakitafuta visima. Wengine wanakwenda kwa miguu hata leo, kwa kutimiza nadhiri yao.

Njiani wanasimama kwanza Chandragup. Ni volkano, lakini haitoi moto: inatoa matope ya baridi yanayobubujika polepole kileleni. Wanapanda mpaka juu, wanaungama zambi zao, wanatupa nazi ndani ya matope.

Kisha njia inaingia kati ya milima, kandokando ya mto Hingol, kilometa karibu 20 kutoka baharini. Atakayetafuta hekalu kubwa lenye minara hataliona. Ndani ya pango kuna mazabahu ya udongo na jiwe dogo lisilo na sura ya mtu, limepakwa rangi nyekundu. Kwa imani ya Wahindu, kichwa cha mungu-mke Sati kilianguka hapo. Waislamu wa eneo hilo nao wanapaheshimu. Wanapaita kwa Nani, maana yake nyanya, mama ya mama.

Lakini mto katika jangwa unatamaniwa na wengi. Serikali ilipanga kujenga bwawa juu ya Hingol ili kumwagilia mashamba, na katika mwaka 2008 Wahindu walisimama kupinga: maji yangefunika njia na sehemu zao za ibada. Wajumbe wa bunge la jimbo waliwaunga mkono. Walikataa pia wazo la kuhamisha sehemu hizo, kwa sababu pango halihamishwi. Mwishowe ni bwawa ndilo lililotafutiwa mahali pengine.