Fanya Mara Moja, Kompyuta Irudie

Kila mwisho wa mwezi katibu wa chama cha akiba na mikopo hupokea orodha ya wanachama, na kila mara namba za simu hufika zimekatwa kichwa. 0712 imebaki 712, kwa sababu Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, na sifuri ya mwanzo haina thamani katika hesabu. Mtambo wa kutuma ujumbe kwa wanachama unataka namba ianze na 255. Basi katibu anaingiza safu mpya, anaandika fomula ya kuunganisha 255 na namba, anaishusha mpaka chini, ananakili, anabandika, anafuta safu ya zamani, anahifadhi. Wanachama 120. Mwezi ujao, yale yale.

Kazi kama hiyo inamaliza vidole bure. Na dawa yake ipo siku nyingi: kompyuta inaweza kumtazama mtu akifanya kazi mara moja, ikashika kila alichobofya na kila alichoandika, kisha ikarudia yenyewe. Kinachorekodiwa huitwa makro, au tuseme kanda.

Windows 3.0 ilipotoka Mei 1990 ilikuja na kiprogramu kidogo kilichoitwa Recorder. Mtu aliichagulia kanda vitufe vya kuiita, mathalani Ctrl na F5, akaanza kurekodi, akafanya kazi yake, kisha akasimamisha. Ilionekana kama muujiza, na ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Kwa upande wa kipanya, Recorder haikujua kwamba mtu amebofya kitufe cha kuhifadhi; ilijua tu kwamba amebofya nukta fulani ya skrini, umbali fulani kutoka kushoto na umbali fulani kutoka juu. Dirisha likisogea kidogo, kesho yake kanda inabofya patupu, au inabofya kitufe cha jirani, jambo ambalo ni baya zaidi. Walioitengeneza walilijua hilo. Waliweka chaguo la kupima kuanzia pembe ya dirisha badala ya pembe ya skrini, na jingine la kupuuza kipanya kabisa. Windows 95 ilipokuja, Recorder haikuwemo tena.

Swali lililoisumbua Recorder ndilo roho ya ufundi huu mpaka leo: mashine ikumbuke nini? Anayekumbuka mahali tu ni kama mgeni aliyeelekezwa ahesabu nyumba tano kutoka kona. Ikijengwa nyingine katikati, amepotea.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walijibu kwa njia ya macho. Programu yao, Sikuli, hupewa kipande cha picha ya kitufe, ikakitafuta skrini nzima mpaka ikione, popote kilipohamia. Jina hilo ni la lugha ya Wahuichol wa Mexico, maana yake jicho la Mungu. Njia nyingine ni kukumbuka jina: kwa kawaida kila kitufe ndani ya programu kina kitambulisho chake, na mashine ikikishika hicho, rangi na mahali havina neno. Kampuni ya UiPath, iliyoanzishwa Bucharest, Romania, mwaka 2005, ilijenga biashara yake juu ya kazi za namna hiyo, na Aprili 2021 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la New York. Mwaka huohuo Microsoft ilianza kuwapa watumiaji wa Windows 10 programu yake ya Power Automate ya kompyuta ya mezani bila malipo ya ziada, nayo ina kitufe cha kurekodi.

Kuna pia suala la muda. Kanda inayorudia vitendo kwa kasi ileile ya jana haina habari kwamba leo intaneti inasuasua. Ukurasa haujafunguka, yenyewe imeshaanza kuandika. Ndiyo maana anayejua kazi hii huiambia isubiri dirisha litokee, asiiambie isubiri sekunde tatu.

Kwa katibu wetu, hata hivyo, njia iliyo karibu imo ndani ya Excel yenyewe. Katika menyu ya View kuna sehemu ya Macros, na humo agizo la kurekodi. Jina la makro lisiwe na nafasi katikati: NambaZaSimu linakubalika, Namba Za Simu linakataliwa. Akishasimamisha, kinachobaki ni maandishi anayoweza kuyafungua na kuyasoma, katika lugha ya VBA iliyoingia Excel mwaka 1993. Hapo ndipo makro ya Excel inapoizidi kanda ya kipanya: kosa lake linaonekana kwa macho.

Na kosa lipo. Mwezi wa kwanza wanachama walikuwa 120, mstari wa kwanza ukiwa wa vichwa vya safu. Katibu aliposhusha fomula, Excel iliandika B2:B121. Mwezi wa pili wanachama ni 135. Makro inakwenda mbio hadi mstari wa 121 na kukoma hapo. Watu 15 wa mwisho wanabaki bila 255, na ujumbe hauwafikii. Skrini haitoi onyo lolote, kwa kuwa mashine imefanya kilekile ilichoonyeshwa. Tiba ni kuiondoa 121 na kuweka agizo la kutafuta mstari wa mwisho wenye data, sentensi moja tu kwa anayeijua VBA kidogo.

Yako mambo yasiyofaa kurekodiwa kabisa. Nywila ni moja: kanda inayoshika kila kitufe huishika nayo, na yeyote atakayeifungua faili ataisoma. Malipo ni jingine, maana kanda ikichezwa mara mbili hulipa mara mbili. Faili ya makro kutoka kwa mtu usiyemjua nayo ni ya kuogopwa. Machi 1999 kirusi cha Melissa kilisafiri ndani ya makro ya Word na kujituma kwa anwani 50 za kwanza katika orodha ya kila mtu kiliyemwambukiza. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti.

Mwezi wa tatu katibu anafungua nakala ya orodha, wala si orodha yenyewe, kwa sababu makro ikishabadilisha kitu Ctrl na Z haitakirudisha. Anaiita makro. Safu mpya inaingia, namba zinajipanga, safu ya zamani inatoweka. Kisha anashuka taratibu hadi mstari wa mwisho, kuangalia kama mwanachama wa chini kabisa naye amepata 255 yake.