Afya ya akili: kutafuta msaada karibu na nyumbani, Makobola

Katika vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, ukitaja afya ya akili watu wengi wanamfikiria kichaa anayetembea uchi sokoni. Ndiyo maana baba ambaye hajalala vizuri kwa majuma matatu, au mama ambaye haoni tena faida ya kuwasha moto na kupika, hasemi kwamba ni mgonjwa. Atasema ana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unapiga mbio, mwili hauna nguvu. Atapimwa malaria, atapewa dawa ya malaria, na atarudi nyumbani vilevile alivyotoka.

Afya ya akili si jambo la vichaa tu. Ni uwezo wa mtu kuwaza sawasawa, kulala, kufanya kazi yake, kuishi na wenzake na kubeba shida za kila siku bila kuvunjika. Kila mtu ana akili kama vile kila mtu ana tumbo, na tumbo linaweza kuuma kidogo, au kuuma sana, au kuhitaji daktari. Kwa akili ni hivyo hivyo.

Yaliyotupata

Hatuwezi kuzungumza juu ya mawazo mengi huko Makobola bila kutaja yaliyotokea pale. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi tarehe 2 Januari 1999, askari wa RCD pamoja na wa majeshi ya Rwanda na Burundi waliua raia katika Makobola II na vijiji vya jirani: Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, teritwari ya Fizi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema waliouawa walizidi 800, wakiwemo wanawake na watoto. Waliobaki walikimbilia milimani, au walivuka ziwa kwenda Tanzania.

Angalia tarehe hizo. Ni siku za Bonane. Wakati Wakongo wengine wanavaa nguo mpya na kupika wali na kuku, nyumba nyingi za Makobola zinahesabu wasiokuwepo mezani. Mtu anaweza kuwa mzima miezi kumi na mmoja, kisha mwezi wa Desemba anaanza kuota ndoto mbaya, anagombana na watoto, hataki kusikia fataki wala ngoma. Jirani anasema amerogwa. Mara nyingi hakurogwa. Mwili wake unakumbuka tarehe hata kabla yeye mwenyewe hajaikumbuka.

Na mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Aprili 2020 mafuriko yalibomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Mwaka 2025 M23 iliingia Bukavu mwezi wa Februari, na Uvira mwezi wa Desemba, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Aliyekuwa mtoto wa miaka sita mwaka 1998 alibeba godoro na watoto wake mwenyewe mwaka 2025. Jeraha jipya likiingia juu ya la zamani, linauma mara mbili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopita vitani, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, liwe dogo au kubwa. Wengine wanne nao huumia, lakini wengi wao watapata nafuu polepole wakiwa na usalama, chakula, usingizi na watu wa kuwategemea.

Dalili za kuangalia

Tuchukue mfano wa mvuvi wa ndagala. Kazi yake ni ya usiku, na taa ziwani. Siku moja alisikia risasi akiwa majini, na mwenzake hakurudi. Juma la kwanza hatoki, anatetemeka, hali chakula. Hiyo ni hali ya kawaida ya mtu aliyeona jambo lisilo la kawaida, na hatupaswi kumwita mgonjwa. Lakini ikipita miezi miwili na bado haendi ziwani, anashtuka mlango ukigongwa, anaona tena na tena yale yaliyotokea kana kwamba yanatokea sasa, na jioni hawezi kulala bila kanywaji kikali, hapo kuna kiwewe kinachohitaji msaada.

Kwa wengine hakuna hofu, kuna uzito tu. Mtu hafurahii tena kitu chochote, anajilaumu, anaacha kuoga, anasema afadhali nisingezaliwa. Kwa Kiswahili cha vitabu hali hii inaitwa sonona. Kwa watoto inaweza kuonekana kwa kukojoa kitandani tena baada ya kuacha, kushikilia nguo ya mama, au kupiga wenzao shuleni. Wababa wengi wanaonyesha huzuni yao kwa hasira, na anayepata hasara ni mke na watoto.

Kwa nini gazeti la amani linaandika juu ya jambo hili? Kwa sababu mtu mwenye hofu isiyopona anaamini haraka kila uvumi. Anaposikia kwamba "wale" wanakuja, hana nafasi kichwani ya kuuliza nani amesema. Na uchungu usiozungumzwa unawafikia watoto ukiwa umegeuka chuki dhidi ya kabila zima. Makobola haiko peke yake katika uchungu. Tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Uvira, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Mwezi wa Juni 2014 watu waliuawa Mutarule, katika uwanda wa Ruzizi. Kila jamii ina tarehe yake ya kulia. Tunaona ni vigumu sana kusikiliza kilio cha jirani wakati chako hakijasikilizwa na mtu, na kwa hiyo kusikiliza ni sehemu ya kazi ya amani.

Msaada wa kwanza ni jirani

Hospitali za wagonjwa wa akili ziko mbali, lakini kuna mengi yanayoweza kufanywa bila daktari. Kumkaribia mtu, kuangalia kama ana mahali pa kulala na kitu cha kula, kumsikiliza, na kumuunganisha na wanaoweza kumsaidia: hayo ndiyo Shirika la Afya Duniani na washirika wake wanayofundisha tangu mwaka 2011 kama huduma ya kwanza ya kisaikolojia.

Namna ya kusikiliza ina maana. Usimlazimishe mtu kusimulia. Wapo wanaofikiri kwamba lazima aliyeona mauaji atoe yote siku ileile ili apone. Hapana, kumlazimisha kunaweza kumzidishia. Sema tu, "Mama, tunaona siku hizi huna usingizi. Nikae nawe kidogo?" Kisha nyamaza. Usimwambie "wengine waliona mabaya kuliko wewe", wala "sahau, omba tu". Kama amekueleza siri ya kubakwa, siri hiyo ibaki kwako, hata mume wako asiijue. Na kumbuka kwamba aliyebakwa anapaswa kufika kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, hata kama hataki kusema lolote kuhusu moyo wake.

Vikundi tulivyo navyo tayari vinaweza kusaidia kuliko tunavyodhani. Wamama wa likelemba wanakutana kila juma. Mmoja akikosa mara mbili, wawili waende kumwona. Kwaya, vikundi vya wavuvi na vikao vya wazee, kama lubunga ya Wabembe, vinaweza kufanya vivyo hivyo. Mwanamume ambaye hatakwenda kamwe kwa mshauri anaweza kuzungumza akitengeneza nyavu na mwenzake.

Katika Kivu zipo pia nyumba za kusikiliza, ambamo wasaidizi wa kisaikolojia, wengi wao wanawake wa palepale, wanapokea waathirika bila kuwauliza malipo. Je, kuzungumza kunaponya kweli? Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 405 wa Kivu waliotendewa ukatili wa kijinsia. Wasaidizi walikuwa Wakongo wenye elimu ya sekondari, si madaktari, na walitumia lugha za watu, Kibembe na Kifuliru zikiwemo. Miezi sita baada ya matibabu ya vikao 12, karibu vyote vya kikundi, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100. Kwa wale waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja bila vikao hivyo, walikuwa 42 kwa 100. Nchini Zimbabwe wanawake wazee wa mitaani wamefundishwa tangu mwaka 2006 kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, na huko nako watu wamepona. Benchi haina bei kubwa, na wamama wazee hatujapungukiwa nao.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mtu akibadilika ghafla, akiongea ovyo, na mwili una joto, usikimbilie kwanza chumba cha maombi. Malaria ya kichwani na homa ya uti wa mgongo huleta hali hiyo, na huua kwa muda mfupi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Mzazi aliyejifungua hivi karibuni akianza kusikia sauti au kumwogopa mtoto wake, naye asingoje.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Povu lake haliambukizi. Anapoanguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni. Kuna dawa za bei nafuu zinazozuia kuanguka, lakini zinamezwa kila siku kwa miaka, na kuziacha ghafla ni hatari.

Kwa usingizi uliopotea baada ya vita, jihadhari na vidonge vya diazepamu vinavyouzwa dukani bila karatasi ya muuguzi. Vinalaza kwa siku chache, kisha mtu hawezi kulala bila hivyo.

Muuguzi akiona hali imemzidi, ataandika karatasi ya kumpeleka mgonjwa mbele. Kwa Kivu ya Kusini, hospitali inayojulikana ni SOSAME ya Bukavu, iliyo mikononi mwa Mabruda wa Upendo. Goma wana kituo cha Tulizo Letu, na Bujumbura kuna kituo cha Kamenge. Njia na mpaka hufungwa na kufunguliwa kufuatana na vita, basi ulizeni kwanza kabla ya kukodi gari. Mgonjwa asafiri na ndugu anayejua historia yake, na vidonge vyote alivyokwisha kumeza vibebwe.

Maombi hatuyapingi. Watu wengi wanashikiliwa na imani yao, na mchungaji anayemtembelea mgonjwa anafanya kazi kubwa. Tunachopinga ni mnyororo, fimbo, na kumnyima mgonjwa chakula kwa jina la kufunga. Mchungaji anaweza kuomba na mgonjwa akameza dawa. Hakuna kinachogombana hapo.

Mtu akisema anataka kufa

Msimcheke, na msimwambie anamkosea Mungu. Muulizeni wazi kama amefikiria kujiua na kwa njia gani. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi wanapata nafuu kwamba mtu ameona. Ondoeni nyumbani dawa ya panya, kamba na dawa za shamba. Asilale peke yake usiku huo. Asubuhi, mmoja wenu amsindikize kwa muuguzi, au kwa reko wa kijiji kama kituo kiko mbali, na wengine wabaki kuangalia watoto. Baada ya siku tatu rudini kumwona, na baada ya juma tena, hata kama anasema sasa ni mzima.