Siku ya Kufa Iliyohesabiwa Kuwa Siku ya Kuzaliwa: Tarehe 14 Oktoba katika Ibada Zetu

Kila mwaka tarehe 14 Oktoba taifa letu hupumzika kazi kwa kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki London siku hiyo mwaka 1999. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, lakini tarehe hiyo haikufanywa kuwa sikukuu ya taifa. Ndivyo ilivyo pia kwa Sheikh Abeid Amani Karume: akumbukwa tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa mwaka 1972. Taifa limefuata, pengine bila kukusudia, hesabu ya kale ya Kanisa.

Origene aliwahi kuonyesha kwamba katika Maandiko wafanyao karamu ya kuzaliwa kwao ni Farao (Mwa. 40:20) na Herode (Mk. 6:21), na katika kila karamu mtu aliuawa. Waraka wa Kanisa la Smirna kuhusu kifo cha Polikarpo, wa karne ya pili, waeleza kwamba waumini walikusudia kukutanika kila mwaka siku aliyouawa, wakiiita siku yake ya kuzaliwa. Maana yake ni wazi: siku hiyo Mungu amekamilisha kazi aliyoianza katika ubatizo. Kwa hiyo anayesifiwa kwanza ni Mungu, wala si marehemu.

Tarehe hii yenyewe ni ya zamani kuliko Mwalimu. Kalenda ya Kanisa la Roma humkumbuka siku hiyo Kalisto, askofu aliyefariki yapata mwaka 222. Alikuwa mtumwa, akahukumiwa kufanya kazi katika migodi ya Sardinia, na baadaye, akiwa askofu, alilaumiwa kwa kuwapokea tena waliotubu dhambi nzito. Mengi tuyajuayo juu yake yametoka kwa mpinzani wake, Hipolito, asiyempenda hata kidogo! Siku hiyohiyo mwaka 1930 alizaliwa Mobutu kule Lisala, na mwaka 1964 ilitangazwa kwamba Martin Luther King angepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Tusitafute fumbo katika sadfa hizi. Tarehe haimtakasi mtu wala haimlaani.

Sisi Walutheri tunamkumbukaje basi kiongozi aliyelala? Wanafunzi huuliza hili hasa kwa sababu Mwalimu alikuwa Mkatoliki, na tangu mwaka 2005 Kanisa lake humwita Mtumishi wa Mungu, kesi ya kumtangaza mwenye heri ikiwa imefunguliwa. Kifungu cha 21 cha Ungamo la Augsburg (1530) hakikatazi kumbukumbu. Chakataza kuwaomba watakatifu. Melanchthon, katika Utetezi wa Ungamo hilo, ataja heshima tatu: kumshukuru Mungu kwa ajili yao, kuimarishwa imani yetu, na kuiga imani na matendo yao kwa kadiri ya wito wa kila mmoja. Heshima ya pili ndiyo tunayoisahau mara nyingi. Mfano wake ni Petro: tunaimarishwa tuonapo kwamba alimkana Bwana, naye akasamehewa. Kumbe kumbukumbu ya Kilutheri haiwezi kuficha kosa, kwa maana bila kosa msamaha hauonekani.

Jambo hili si la darasani tu. Mchungaji atakayehubiri Zuzu, kata ya jiji la Dodoma, atakuwa na wasikilizaji wa namna mbili. Wako wanaoshukuru, na wana haki: Mwalimu na chama cha TANU ndio walioamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma. Wako pia wazee wa Ugogo wanaoikumbuka Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, watu waliokaa katika matembe yaliyotawanyika, karibu na mashamba na mifugo yao, walipohamishiwa vijijini. Mnamo Novemba 1973 kuhamia vijijini kulitangazwa kuwa amri kwa nchi nzima, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Mahubiri yanayomtaja mjenzi wa umoja peke yake yatawaacha wazee hawa nje ya ibada. Nayo yanayotaja operesheni peke yake yatamdhulumu mtu aliyeondoka madarakani kwa hiari mwaka 1985, akiwa amekiri hadharani kwamba serikali yake ilikosea mengi.

Twaona basi kwamba kumbukumbu hii mahali pake ni katika sala ya Kanisa, si mahali pa somo la siku. Ebr. 13:7 hutuagiza kuwakumbuka viongozi na kuuchunguza mwisho wa mwenendo wao. Kuchunguza ni zaidi ya kusifu. Mwaka 2029 tarehe 14 Oktoba itaangukia Jumapili. Masomo ya Jumapili hiyo yabaki yalivyo, hotuba za viongozi zingoje hadi baada ya baraka, na katika sala Mwalimu atajwe kwa jina kwa shukrani, kisha waombewe waliohamishwa, kwa lugha ambayo bibi wa Kigogo aliyeketi nyuma ataielewa.