Betri moja, kazi mbili: Mambo ya kuangalia kwa gari linalolala njiani Kivu Kaskazini

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka na lava ikateremka hadi pembezoni mwa Goma. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji huo waondoke mara moja. Mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya kuvuka mpaka kuingia Rwanda. Saa kama hiyo, swali la kwanza la mwenye gari huwa dogo sana: je, litawaka?

Jibu liko ndani ya kisanduku kizito cha plastiki chini ya boneti. Kwa magari mengi ya Goma, kisanduku hicho hupewa kazi mbili. Mchana kinawasha injini ya dizeli. Usiku, injini ikiwa imezimwa, kinaendesha friji ndogo, taa, redio ya mawasiliano, simu na kompyuta. Hivyo ndivyo yanavyofanya kazi magari ya mashirika ya misaada, ya timu za chanjo, ya watafiti wa volkano, ya wafanyabiashara wanaolala njiani, na yale yaliyokuwa yakipeleka wageni katika Hifadhi ya Virunga.

Wenye magari hayo wakienda dukani huambiwa kuna betri ya kazi mbili, yaani inayowasha gari na pia kuvumilia matumizi ya usiku. Betri hizo zipo kweli. Lakini si kila gari linazihitaji, na si kila betri yenye maneno hayo kwenye karatasi yake inastahili bei yake.

Tofauti iko kwenye sahani

Betri ya kawaida ya gari ina sahani nyingi za risasi, nyembamba, zilizopangwa karibu karibu. Wembamba huo unaisaidia kutoa moto mwingi kwa muda mfupi. Stata ya dizeli ikivuta ampea 300 kwa sekunde 5, betri imepoteza chini ya nusu ampea-saa tu, na altaneta huirudisha ndani ya dakika chache. Kazi yake ni hiyo: kutoa kishindo kisha kupumzika.

Betri ya sola ni kinyume chake. Sahani zake ni nene na chache. Haitoi kishindo kikubwa, bali hutoa moto kidogo kidogo kwa saa nyingi, ikashuka, ikachajiwa, ikashuka tena kwa mamia ya mizunguko. Ukiilazimisha betri ya kawaida kufanya kazi hiyo, kuimaliza kabisa mara chache tu kunatosha kuiua. Sahani zake huchubuka, chumvi ya risasi hugandia juu yake, na siku moja inakataa kuwasha gari hata baada ya kuchajiwa.

Betri ya kazi mbili imekaa katikati. Sahani zake ni nene kuliko za betri ya kawaida na nyembamba kuliko za betri ya sola. Nyingi zilizo bora ni za aina ya AGM, ambamo asidi imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya sahani. Haimwagiki gari likilala ubavu, haihitaji kuongezwa maji, na inavumilia mtikisiko. Kwa barabara zilizojaa mawe ya lava, sifa hiyo ya mwisho ina uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu mtikisiko huvunja sahani kabla ya umri wa betri kuisha.

Piga hesabu ya usiku mmoja

Kabla ya kutoa dola, chukua kalamu. Friji ndogo ya gari hula wastani wa ampea 1.5, kwa kuwa huwaka na kuzima. Kwa saa 12 hiyo ni ampea-saa 18. Taa za LED kwa saa 5 ni kama 2.5. Redio inayosikiliza tu usiku kucha ni kama 6. Kuchaji simu mbili na kompyuta kidogo ni 6 nyingine. Jumla inafika kama ampea-saa 32.

Sasa tazama betri yako. Ikiwa imeandikwa 70 Ah, usihesabu 70. Betri ya risasi haitakiwi kushuka chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una 35 za kutumia, na hapo ni ikiwa mpya na imejaa. Betri ya miaka mitatu imeshapoteza sehemu ya uwezo wake. Maana yake ni kwamba usiku mmoja wa kawaida unakuacha asubuhi ukiwa ukingoni. Usiku wa pili mahali pale pale, bila kuendesha, gari haliwaki.

Hapo ndipo watu husema watasukuma. Land Cruiser ya zamani yenye gia za mkono na pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta huweza kuwaka kwa kusukumwa, ukipata mteremko na watu wa kutosha. Gari lenye gia otomatiki halisukumwi likawaka. Ukilimaliza moto mahali pasipo na gari lingine, umekwama.

Moja au mbili?

Kanuni rahisi ni hii. Ikiwa matumizi yako ya usiku hayazidi ampea-saa 20 na kila siku unaendesha, betri moja ya kazi mbili ya 90 hadi 100 Ah inatosha. Inafaa pia kwa gari lisilo na nafasi ya betri ya pili chini ya boneti.

Ikiwa unalala sehemu moja siku mbili au zaidi, au ndani ya gari kuna chanjo na redio ambayo wenzako wanaitegemea, betri moja haitoshi hata iwe nzuri namna gani. Tenga kazi hizo mbili. Betri ya kawaida ibaki kwa stata peke yake. Ya pili, yenye sahani nene, ibebe friji na redio. Kati yao weka rilei ya kutenganisha, inayoziunganisha injini inapochaji na kuziachanisha injini inapozimwa. Hapo ukimaliza ya pili, ya kwanza bado ina moto wa kukutoa.

Angalizo: baadhi ya Land Cruiser hutoka kiwandani na betri mbili zilizounganishwa moja kwa moja. Hizo si betri mbili za kazi mbili tofauti. Zote hushuka pamoja, na zote hufa pamoja.

Kwa anayebaki na betri moja, kinga ya lazima ni kikata moto. Friji nyingi za gari zina mpangilio wa kujizima betri ikishuka. Uweke kwenye kiwango cha juu. Kwa vifaa vingine, kifaa kidogo cha kukata umeme kabla volti hazijashuka chini ya 12 kinagharimu kidogo kuliko betri mpya.

Dukani, usinunue rangi

Betri za Goma husafiri mbali. Mizigo mingi ya aina hii hupanda kutoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, ikapita Uganda au Rwanda. Betri ya risasi hupoteza moto ikiwa imekaa tu, na ikikaa miezi mingi bila kuchajiwa huharibika ingali mpya kwenye plastiki yake. Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe ya kutengenezwa. Kisha omba mita. Betri iliyopumzika na kujaa husoma kama volti 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12.4 dukani, mwachie mwenye duka.

Soma pia namba mbili, si moja. CCA ni nguvu ya kuwasha, Ah ni akiba ya usiku. Betri inayojisifu kwa CCA kubwa lakini haionyeshi Ah ni ya kuwashia tu, hata ikipakwa rangi gani. Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, hali yake ni ya ubaridi kiasi na hakuna barafu ya kuifanya injini iwe ngumu kuwaka. Hapa akiba ina thamani kuliko kishindo cha ziada.

Baada ya kufunga, pima injini ikiwaka. Altaneta nzuri huonyesha kati ya 13.8 na 14.4. Ikizidi 14.8, itaikausha AGM, na hiyo haiongezwi maji. Kaza kibano cha betri mpaka isitikisike, na weka fyuzi karibu na betri kwenye kila waya unaokwenda nyuma.

Kumbuka pia kwamba safari fupi haijazi betri iliyoshuka. Goma hadi Sake ni kilomita kama 25, na hazitoshi kurudisha moto wa usiku mzima. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, siku ya jua, hurudisha kama ampea-saa 25 hadi 30. Hiyo inakaribia matumizi ya usiku mmoja.

Betri za lithiamu nazo zinaingia sokoni. Ni nyepesi na hudumu maelfu ya mizunguko, lakini zinahitaji chaja yake kati ya altaneta na betri, la sivyo altaneta huchemka. Kwa betri ya pili ni chaguo zuri. Kuiweka mahali pa betri ya stata bila fundi anayeijua ni kucheza kamari.

Na ile ya zamani?

Usiimwage asidi wala kuwaachia watoto risasi. Huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Goma watu wengi wanachota maji ya ziwa Kivu, na mwamba wa lava una nyufa zinazopitisha kila kinachomwagwa juu yake. Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima, na bei yake ipunguzwe kwenye mpya.

Fundi yeyote atakwambia afadhali kununua betri leo kuliko kuitafuta siku ya safari. Kwa mji huu, siku ya safari mara nyingine haitoi taarifa. Pima betri yako wiki hii, asubuhi, kabla hujawasha gari.