Maji Meupe Si Lazima Yawe Maji Safi

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini asubuhi na mapema, akaweka chupa mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na maji mekundu kama damu. Ya pili ilikuwa na maji meupe, hayana rangi hata kidogo.

"Bwana karani," akasema, "zote mbili nimezichota katika kijito kimoja, chini ya kiwanda cha nguo. Hii nyekundu ni ya zamani, kabla kiwanda hakijachimba mabwawa ya kusafishia maji. Hii nyeupe ni ya juzi. Nilipoona maji yamekuwa meupe nilifurahi, nikamwagilia kabichi zangu. Sasa majani yanaungua kingo, na udongo umeota unga mweupe. Huu ni ugonjwa gani?"

Nikamjibu, "Mzee, si ugonjwa. Keti nikueleze." Niliyomweleza yafaa yajulikane na kila mkulima ambaye shamba lake liko chini ya kiwanda.

RANGI HIZI ZATOKA WAPI?

Zamani watu walitia nguo rangi kwa mizizi, magome na majani. Mwaka 1856 kijana mmoja wa Uingereza, William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, lakini alipata rangi ya zambarau. Tangu siku hiyo viwanda vimetengeneza maelfu ya rangi za namna hiyo.

Rangi hizi hufanywa makusudi zisififie kwa jua, sabuni wala jasho. Kwa shati ni jambo jema, lakini kwa mto ni baya, kwa sababu kitu kilichofanywa kisiharibike hakiozi upesi majini.

Tena si rangi yote inayoshika nguo. Katika rangi nyingine za pamba, sehemu moja katika kumi, na pengine karibu nusu, hubaki ndani ya maji. Maji hayo hutoka yakiwa ya moto, yenye magadi, na yenye chumvi nyingi, maana chumvi ndiyo isaidiayo rangi kuingia katika pamba. Yakimwagwa mtoni hivyo hivyo, huzuia mwanga wa jua, mimea ya majini hudhoofika na samaki hukosa hewa.

KAZI YA KUSAFISHA

Kiwanda kinachofanya kazi yake vizuri hupitisha maji katika hatua hizi:

1. Bwawa la kukusanyia. Maji hupoa, huchanganyika, na ukali wa magadi hupunguzwa.

2. Shabu na chokaa. Vitu hivi hushikanisha chembe ndogo za rangi na uchafu zikawa mabonge, nayo huzama chini. Tope lake lisitiwe shambani kama mbolea, kwa kuwa rangi yote iliyotoka majini imo humo.

3. Vijidudu. Katika bwawa lisilo na hewa, vijidudu huvunja rangi nyingi, na maji huwa meupe. Lakini angalieni sana hapa! Rangi imevunjwa tu, haijaisha. Vipande vinavyobaki havionekani kwa macho, na vingine ni sumu viwezavyo kuleta saratani. Kwa hiyo hapana budi maji yaingie katika bwawa la pili, lenye kutiwa hewa, ili vijidudu vya namna nyingine vile vipande hivyo.

4. Makaa. Haya si ya jikoni. Yamechomwa kwa njia maalum hata yakawa na vitundu vingi mno. Gramu moja tu, ambayo yaenea katika kijiko kidogo, ina uso wa mita za mraba 500 au zaidi, yaani kama sehemu ya nane ya ekari. Rangi iliyosalia hunaswa humo.

5. Chujio laini sana. Hili ndilo liwezalo kuzuia chumvi, lakini ni la gharama kubwa, na viwanda vingi havinalo.

Sasa mzee akafahamu. Shabu, vijidudu na makaa huondoa rangi, lakini chumvi hupita kote ikafika mtoni. Kabichi zake ziliungua kwa chumvi, na ule unga mweupe ni chumvi iliyobaki jua lilipokausha udongo.

JARIBUNI WENYEWE

Nilipokuwa mwalimu niliwaonyesha watoto jambo hili. Tia tone la wino na kijiko cha chumvi katika gilasi ya maji. Tia unga wa makaa mengi, koroga, acha kwa muda, kisha chuja kwa kitambaa kizito mara kadhaa. Rangi itafifia. Sasa tia maji hayo kidogo katika kifuniko cha bati, uyachemshe hata yakauke. Chumvi utaiona chini. Maji hayo ni ya kujifunzia tu, yasinywewe.

LA KUFANYA

Maji ya kijito yakibadilika rangi, harufu, au yakitoa povu, msinyweshe ng'ombe wala msimwagilie mboga. Yakirudi kuwa meupe, msiyaamini kwa macho, ila ombeni yapimwe.

Chukueni chupa mbili safi. Moja ijazwe juu ya mfereji wa kiwanda, ya pili chini yake. Andikeni siku na saa. Kisha msiende mmoja mmoja. Nendeni kama chama, mpeleke habari kwa ofisi ya kilimo na kwa mamlaka ya mazingira. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 na kanuni za ubora wa maji zakataza kiwanda kumwaga maji machafu bila leseni, nayo maji hayo yana vipimo vyake.

Yule mzee ameacha kutumia maji ya kijito, na udongo wake umechukuliwa ukapimwe. Chumvi yaweza kuoshwa kwa mvua au kwa maji safi mengi, maadamu shamba lina mifereji ya kuyatoa. Lakini kabichi za msimu huu zimekwisha potea. Hasara hiyo isimpate mwingine kwa kuyaamini macho yake.