Panya ndani ya injini: waya si hasara pekee

Lori likiegeshwa siku kadhaa Iga Barrière, kaskazini mwa Bunia, panya hujenga kiota ndani ya injini na kutafuna waya, kwa kuwa meno yao hayaachi kukua. Lakini waya hununuliwa. Ituri ni eneo la tauni: mwaka 2020 iliongezeka katika kanda ya afya ya Rethy. Huenezwa na viroboto, ambao panya akifa humhama na kutafuta damu kwingine.

Basi dereva afungue boneti kabla ya kuwasha gari, apulize dawa ya viroboto kwanza, asishike kiota wala mzoga kwa mikono mitupu. Akipata homa na uvimbe kinenani au kwapani, awahi hospitali: tauni ikitibiwa mapema hupona.